Barua za Bustani: Gloriosa, ua la kwetu linalopanda mvua na kulala kiangazi

Toleo lililopita tulichapisha picha ndogo ya gloriosa ikiwa imepanda kwenye uzio wa michongoma, maua yake mekundu na njano yakining'inia. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko tulivyotarajia kwa picha ya ukubwa ule, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja: mbona yangu imekufa? Mara nyingi haijafa. Tumeyafupisha maswali na kuyajibu hapa, likiwamo lile la sumu, ambalo tunaomba lisomwe hata na asiye na haraka ya kupanda.

Kilifi: Nalichimbaje kutoka kichakani?

*Assalam aleikum. Kando ya shamba letu kuna vichaka vya mchangani. Mvua zikianza hutokea ua la namna hii likipanda juu ya miti midogo. Ndilo lile mlilolichapisha? Na kama ndilo, nalihamishaje nyumbani?*

Waaleikum salaam. Ili kuhakikisha, anza na ncha ya jani. Jani la gloriosa ni refu, linang'aa, na ncha yake haikomi bali inaendelea kuwa kikono chembamba kinachojikunja na kushika kijiti cha jirani. Mimea mingi inayopanda hutoa vikono kwenye shina. Hii inavitoa kwenye jani lenyewe. Kisha inamia uangalie ua kwa chini. Petali sita zenye kingo za mawimbi zimepinduka kwenda juu, stameni sita, yaani vijiti vyenye chavua, zimetanuka pembeni, na kile kijiti kinachobeba stigma, ncha inayopokea chavua, kimepinda kwa pembe mraba kuelekea upande mmoja. Ua changa lina ukijani na unjano, likikomaa linakuwa njano chini na jekundu juu, na siku zake za mwisho hugeuka jekundu la divai. Mmea mmoja ukiwa na maua ya rangi tatu usidhani ni aina tatu.

Kuhusu kuchimba sasa hivi, usichimbe. Ndani ya hifadhi kama Arabuko-Sokoke ni kosa kisheria kuchukua mmea bila kibali. Hata kwenye ardhi yenu, wakati wa maua ndio wakati mbaya kuliko yote. Kiazi cha msimu uliopita kinakuwa kimenyauka, kwani mmea umekitumia kujijenga, na kipya hakijajaa. Ukivuta shina, linakatikia juu ya kiazi, nacho kinabaki chini, mara nyingi sentimita 20 hadi 30 kwenye mchanga.

Cha kufanya ni kuchomeka kijiti cha alama kando ya shina wakati huu wa maua. Majani yakishakauka kabisa ngoja wiki sita, kisha chimba kwa uma wa bustani ukianzia sentimita 30 mbali na alama, ukiinua udongo taratibu badala ya kuchokoa. Chukua kiazi kimoja au viwili, vingine viache viendelee. Au kusanya mbegu; tazama jibu la msomaji wa Kibaha.

Morogoro: Viazi vitano, vimeota viwili tu

*Nilinunua viazi vilivyokwisha kukatwa vipande, nikavipanda kama mbatata. Wiki ya kumi sasa na vitatu kimya. Nifukue?*

Fukua, ila kwa mkono, tena umevaa glavu. Tatizo huenda lilianza kwenye kisu.

Kiazi cha gloriosa kilichokomaa kina umbo la herufi V au L: mikono miwili laini, myeupe au ya kahawia, iliyoungana mahali shina la zamani lilipokuwa. Kila mkono una jicho moja tu, na jicho hilo liko kwenye ncha kabisa. Mbatata ina macho mwili mzima, ndiyo maana ukiikata vipande vinne unapata mimea minne. Gloriosa ukiikata vipande vinne, viwili vya katikati havina jicho, na kipande kisicho na jicho hakitaota hata ukikimwagilia mwaka mzima. Kitavimba kidogo, kitalainika, kitaoza. Na kile chenye jicho kikikwaruzwa ncha wakati wa kusafirishwa, hadithi ni ile ile, kwani hakina jicho la akiba.

Kwa hiyo angalia ncha za vitatu vyako. Ukiona kijichomozo cheupe au cha waridi, hata cha ukubwa wa punje ya mchele, kirudishe chini. Kiazi kinaweza kukaa miezi mitatu kabla ya kuamka ikiwa kilichimbwa mapema kabla hakijamaliza kulala. Ukiona kovu kavu lililozibika, kitupe.

Siku nyingine ukinunua, kataa vipande. Kiazi kizima chenye mikono miwili kinaweza kutenganishwa pale penye kona, na kila mkono ukaota kivyake ilimradi jicho lake ni zima. Acha kidonda kikauke kivulini siku mbili au tatu kabla ya kupanda. Chagua kiazi kigumu kisichobonyea. Chembamba kama kidole cha mtoto kitatoa majani msimu huu na maua msimu ujao.

Upandaji wenyewe ni mwepesi. Chimba mahali pasipotuama maji, kina cha sentimita 10 kwenye mchanga, 6 au 7 kwenye udongo mzito zaidi. Kilaze kiazi ubavu, usikisimamishe, ncha yenye jicho ikiwa imeinuka kidogo na iko sentimita 10 hivi kutoka kwenye nguzo au wavu utakaopandiwa. Acha sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi. Mwagilia mara moja, kisha usirudie mpaka tabaka la juu likauke. Kiazi kisichoota bado hakina mizizi ya kunywa maji, na hapa ndipo wengi wanaoshika ndoo kila jioni wanapokiozesha. Kikiwa tayari, chipukizi hutokeza kati ya wiki ya pili na ya sita.

Angalizo moja: hilo chipukizi la kwanza linavunjika kwa kuguswa na fagio. Likivunjika, mara nyingi kiazi hakitoi jingine msimu huo. Zungushia vijiti.

Nairobi: Ilichanua vizuri, kisha ikanyauka

*Ilipanda Aprili, ikachanua Juni, kufika Agosti majani yote yamekuwa njano. Nikaongeza maji na mbolea, ikazidi kukauka. Nilipofukua nikakuta uji unaonuka. Ni ugonjwa gani?*

Hakuna ugonjwa wowote. Mmea ulikuwa unakwenda kulala, ukazamishwa usingizini.

Gloriosa si kama bogenvilia inayosimama mwaka mzima. Kwenye makazi yake ya asili, kuanzia vichaka vya pwani hadi kingo za misitu za nyanda za juu, huota mvua zikianza, hupanda mita moja na nusu hadi tatu, huchanua, hutengeneza viazi vipya chini, kisha sehemu yote ya juu hufa. Mvua zikirudi huanza upya kutoka kwenye viazi vile vipya. Kile cha zamani hakitumiki mara ya pili. Ndiyo sababu wiki zinazofuata maua zina uzito kuliko wiki za maua zenyewe, kwani majani ya kijani yaliyobaki ndiyo yanayojaza kiazi cha mwakani. Anayeyakata mara tu ua la mwisho linapoanguka, ili bustani ionekane safi, anapata kiazi dhaifu na msimu ujao anatuandikia kuwa haichanui.

Ratiba ya Nairobi iwe hivi. Kuanzia chipukizi hadi maua ya mwisho, mwagilia kila udongo unapokauka sentimita tatu za juu. Maua yakiisha, endelea kumwagilia lakini kwa nafasi zaidi. Majani yakianza kugeuka njano kuanzia chini, simamisha mbolea yote na upunguze maji nusu kwa nusu. Yakiwa njano yote, acha maji kabisa. Shina likikauka mpaka linachomoka kwa kuguswa, liondoe na uweke alama mahali pale, maana katikati ya mwaka utasahau na utakuja kulima juu yake. Kiazi kinataka wiki 8 hadi 12 za ukavu. Vingine vitaamka na mvua za vuli, vingine vitavuka mpaka masika. Vyote ni sawa.

Ikiwa gloriosa iko kitanda kimoja na mimea inayohitaji maji kila siku, itaoza kila mwaka na hakuna dawa ya ukungu itakayoiokoa. Ihamishie pembeni, au ipande kwenye chungu cha kipenyo cha sentimita 30 chenye matundu, mchanganyiko ukiwa sehemu moja mchanga wa mtoni, moja mboji iliyoiva, moja udongo wa juu. Chungu kinaweza kulazwa ubavu chini ya upenu msimu wote wa kulala. Kwa wasomaji wa Entebbe na Bukoba, ambako mvua haikatiki vizuri, tunaona chungu ndiyo njia pekee ya uhakika.

Udongo mweusi unaopasuka, ule unaosumbua mitaa mingi ya mashariki ya jiji, usijaribu kuurekebisha kwa koleo mbili za mchanga. Inua tuta la sentimita 25 juu yake.

Tanga: Haitaki kushika nguzo

*Nimeisimikia nguzo nzuri ya mkaratusi, haishiki. Inaanguka.*

Kikono cha jani hakiwezi kuzunguka kitu kinene kuliko penseli. Funga wavu wa kuku kwenye nguzo hiyo, au teremsha kamba za katani kutoka juu, au chomeka matawi makavu yenye vijiti vingi. Ukutani haipandi kabisa bila wavu. Uzuri zaidi huonekana ikipandwa chini ya kichaka kisicho kizito, ipenye na kuchanua juu yake. Mizizi inakaa kivulini, kichwa kinakwenda juani.

Dodoma: Je, ni kweli ina sumu?

*Jirani ameniambia niing'oe kwa sababu nina watoto wadogo na mbuzi. Anatia chumvi?*

Hatii chumvi. Mmea mzima una kolchisini, na iliyo nyingi zaidi imo kwenye viazi na mbegu. Kolchisini huzuia seli zisigawanyike. Ndiyo maana sehemu za mwili zinazojijenga upya kila siku, yaani utando wa utumbo, uboho na mizizi ya nywele, ndizo zinazoumia kwanza. Kwa kipimo kidogo kinachopimwa na mtaalamu ni dawa ya jongo. Katika jimbo la Tamil Nadu huko India, ambako gloriosa ni ua rasmi la jimbo, wakulima hulima mashamba yake kwa ajili ya mbegu zinazouzwa viwandani. Kati ya kipimo cha dawa na kipimo cha kuua umbali ni mdogo, wala haupimiki jikoni. Usikubali mtu akupikie mizizi yake kwa ugonjwa wowote.

Ajali zinazojulikana zaidi, hasa Sri Lanka, hutokea mtu anapokidhania kiazi chake kuwa kiazi kitamu au kiazi kikuu, akakichemsha. Kupika hakuondoi sumu. Basi usiipande ndani au kando ya shamba la viazi wala bustani ya mboga, na viazi ulivyovihifadhi visikae jikoni au stoo ya chakula. Viandikie.

Kwa watoto, hatari kubwa ni matunda yaliyokomaa. Yakikauka hupasuka pande tatu na kuonyesha mbegu za mviringo, nyekundu na laini, zinazomvutia mtoto kama pipi. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka sita nyumbani, kata maua yote yanaponyauka kabla matunda hayajatunga, au usipande kabisa. Sisi tungesubiri. Ua hili halikimbii.

Dalili huanza saa chache baada ya kula, kwa kawaida kati ya saa mbili na kumi na mbili: mdomo kuwaka, kutapika, tumbo kukata, kuharisha sana. Mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu, kisha siku zinazofuata figo, moyo na damu vikaharibika. Nywele hukatika wiki ya pili kwa aliyesalimika. Kwa hiyo usingoje dalili. Aliyekula apelekwe hospitali papo hapo, na kipande cha mmea kichukuliwe ili daktari ajue. Usimtapishe, wala usitegemee maziwa.

Mbuzi na ng'ombe nao hufa kwa kuula. Kwa kawaida huupita malisho yakiwepo, lakini Dodoma ya Oktoba malisho yako wapi? Weka uzio, na majani uliyoyakata yaingie shimo la mboji badala ya kurushwa zizini. Kushika mmea kwa mkono hakuui, ingawa utomvu huwasha ngozi za baadhi ya watu. Vaa glavu ukikata au ukichimba, na nawa kabla ya kula.

Arusha: Majani tele, ua hakuna

*Ina urefu wa mita mbili na nusu, kijani kibichi, mwaka wa pili sasa. Naiwekea CAN kila mwezi.*

Umejijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. CAN ni mbolea ya naitrojeni. Inakuza majani na kuchelewesha maua. Iache. Wakati wa kupanda changanya mboji iliyoiva, nusu ya ndoo ya lita 20 kwa kila mita mraba. Chipukizi likifika sentimita 30 weka kijiko cha chai kimoja cha NPK 17:17:17 kwa kila shina, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, na urudie baada ya wiki tatu hadi uone vichwa vya maua. Majivu ya kuni huongeza potasiamu, lakini konzi moja kwa msimu inatosha. Mengi huupunguzia udongo asidi kupita kiasi na majani hupauka huku mishipa ikibaki kijani.

Kama ukiiacha CAN na bado haichanui, hesabu saa za jua. Chini ya saa tano za jua kwa siku utapata shina refu jembamba linalotafuta mwanga. Jua la asubuhi na kivuli chepesi cha alasiri ndilo bora kwa Arusha. Chini ya mwembe ni bure. Sababu ya tatu ni kiazi kidogo, nayo haina dawa zaidi ya kuyaacha majani yamalize kazi yake.

Kibaha: Kuotesha kwa mbegu

*Nina matunda matatu yanayoanza kukauka. Nianzeje?*

Ngoja tunda liwe la kahawia na lianze kufunguka lenyewe. Vaa glavu, toa mbegu, na zisugue ndani ya maji mpaka lile ganda laini jekundu litoke lote. Usiliruke hatua hiyo, maana ganda huzuia mbegu kuota na huleta ukungu. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24, ukibadilisha maji mara moja.

Jaza trei yenye kina cha sentimita 10 au zaidi, nusu mchanga uliooshwa na nusu mboji iliyochekechwa. Panda kina cha sentimita moja, nafasi ya sentimita tatu. Weka kivulini, unyevu uwe wa kawaida tu. Kisha subira. Za kwanza huota baada ya wiki tatu au nne, nyingine miezi mitatu, na baadhi huvuka hadi mvua nyingine, kwa hiyo usiimwage trei kwa sababu upande mmoja uko kimya.

Mwaka wa kwanza utaona kijani kidogo kinachofanana na nyasi, na wapaliliaji wengi huking'oa wakidhani ni magugu. Chini yake kuna kiazi cha ukubwa wa njegere. Usikihamishe kwa misimu miwili ya mwanzo. Kiache kilale humo humo kwenye trei, pakavu. Maua tarajia msimu wa tatu au wa nne. Na rangi inaweza kutofautiana na ya mama, maana ile stigma iliyopinda mbali na stameni hufanya ua lipate chavua ya mmea mwingine zaidi kuliko yake. Kama bustani yako ina mmea mmoja tu na hautungi matunda, sababu ni hiyo hiyo. Tafuta wa pili, na uhamishe chavua kwa brashi ndogo asubuhi.

Zanzibar: Maua ya kukata

*Tunapamba kumbi za harusi. Linakaa siku ngapi likikatwa?*

Kati ya wiki moja na siku kumi, likikatwa alfajiri, maua mawili yakiwa yamefunguka na mengine bado. Vuna ua na kikonyo chake kifupi badala ya shina zima, uliache lielee kwenye bakuli la maji. Mmea unabaki na majani yake. Ukihitaji shina refu, usikate zaidi ya theluthi moja. Ondoa vifuko vya chavua kwa kibano kabla havijapasuka, kwa sababu chavua yake haitoki kwenye kanga nyeupe. Na mahali pake si kwenye sinia la chakula, hata kwa urembo.

Mwanza: Kitu kinakula

*Machipukizi yanakatwa usiku, na juu kuna vijidudu vya kijani.*

Ni wageni wawili tofauti. Wa usiku ni konokono. Toka na tochi saa tatu usiku baada ya mvua uwaokote, na ondoa matandazo mazito sentimita 15 kuzunguka shina mpaka lifike goti. Vijidudu vya kijani vilivyojazana kwenye vichwa vya maua ni vidukari. Nyunyiza maji yenye kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, upande wa chini wa majani, na urudie baada ya siku nne. Utawaona sisimizi wakipanda na kushuka, kwani wanafuata utamu wa vidukari. Wakiondoka vidukari, nao huondoka. Viwavi wakitokea waokote kwa mkono. Huwa wengi ghafla na wanaweza kumaliza mmea kwa siku mbili, hivyo pita kila asubuhi.

Hamburg: Je, itaishi huku?

*Nimekulia Tanga na ninataka kuwa nayo kwenye roshani. Nije na viazi kwenye sanduku nikirudi likizo?*

Sandukuni hapana. Tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mmea kwa karibu kila mmea au sehemu yake inayoingia kutoka nje. Waliosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani tu. Cheti hutolewa na mamlaka za afya ya mimea: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Gharama na usumbufu huo kwa viazi viwili hauna maana, kwa sababu maduka ya huko huuza viazi vya gloriosa kila majira ya kuchipua, mara nyingi kwa jina la Rothschildiana. Uholanzi na Japani hulimwa kwa wingi kwa soko la maua ya kukata.

Anza Machi ndani ya nyumba, chungu cha sentimita 25, karibu na dirisha la kusini, joto la nyuzi 20 au zaidi. Toa nje baridi ya usiku ikishapita, mwishoni mwa Mei. Septemba punguza maji, majani yakikauka kiache kiazi humo humo kwenye chungu, pakavu, joto la nyuzi 10 hadi 15, hadi Machi. Chumba chenye kipasha joto hakifai, kiazi kinasinyaa.

Iringa: Nataka ya kwetu, isiyo na sumu

*Nimesikia habari zake nikaogopa. Kuna mmea mwingine wa asili unaopanda na kuchanua?*

Upo, na kwa anayeanza tungempa huo kwanza: Thunbergia alata. Ni wa Afrika Mashariki, unaonekana kingo za misitu na kwenye vichaka vya nyanda za juu. Maua yake ni ya rangi ya chungwa yenye petali tano na koo jeusi linaloingia ndani kama shimo. Hauna vikono; shina lenyewe linajizungusha, kwa hiyo kamba au fito inatosha. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili kwa shimo, kina cha sentimita moja, nafasi ya sentimita 40. Huota ndani ya wiki tatu na kuchanua baada ya miezi mitatu hivi, na Iringa utaendelea karibu mwaka mzima ukipata maji. Kiangazi unashambuliwa na utitiri mwekundu, majani yanakuwa na madoa madogo ya kijivu. Nyunyizia maji upande wa chini wa majani kila asubuhi. Ukishajifunga fundo, ukate mpaka sentimita 25 kutoka chini mvua zinapoanza.

Anayependa harufu, na hasa aliye pwani, atafute Jasminum fluminense, asmini wa mwitu mwenye majani matatu matatu na maua meupe yanayonukia jioni. Si yule wa vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipamba wanawake. Wa vikuba asili yake ni Asia. Huyu hukubali kipande cha shina chenye vifundo vitatu, viwili vikiwa ndani ya mchanga wenye unyevu. Ila anasambaa kwa mbegu zinazobebwa na ndege, kwa hiyo mpogoe mara mbili kwa mwaka, mara tu baada ya maua, kabla matunda meusi hayajaiva.